Mashine ya kufulia iko chini, mfereji uko juu: nani atayasukuma maji?

Leo hatuzungumzii programu, wala simu mpya, wala bei za bando. Leo ni maji machafu. Msinikimbie lakini. Mkifika katikati mtaona kwamba ni mambo yale yale ninayoyaandika hapa kila mara, ila safari hii yananuka.

Nisema hoja yangu mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Kama chumba chako kiko chini ya bomba la maji taka, hasa huku kwetu Eastlands, usiweke mashine ya kufulia ndani yake. Ipandishe juu. Na kama haiwezekani kabisa kuipandisha, basi pampu ya kutoa maji ni deni la aliyechimba shimo, yaani mwenye nyumba, si la mpangaji.

Kwanza, hivi vyumba vya chini ya ardhi vilitoka wapi? Sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi imekaa juu ya ule udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Huwezi kuketisha ghorofa juu yake, kwa hiyo wajenzi huuchimba na kuutoa mpaka wafikie mwamba au tabaka gumu. Kwa kawaida shimo linalobaki hujazwa mawe na kifusi. Lakini yupo mwenye ploti anayesimama ukingoni, analitazama shimo lenye kina cha mita mbili ambalo amekwisha kulilipia, kisha anajiuliza: kwa nini nijaze kifusi mahali ambapo naweza kujaza wapangaji? Ndipo unapoona vile vidirisha vyembamba vinavyochungulia usawa wa viatu vyako unapopita njiani.

Hesabu ya kodi anaipiga vizuri sana. Hesabu ya bomba haipigi. Umoja, kwa mfano, ilijengwa miaka ya 1970 ikiwa mtaa wa nyumba ndogo za familia moja moja, na mifereji ya maji taka ilipimwa kwa nyumba hizo. Haikuzikwa ndani sana kwa sababu hakuna aliyetarajia kwamba mtu angekuja kuoga chini yake. Na mfumo mzima wa upande huu unategemea mteremko. Jiji linashuka kutoka magharibi kwenda mashariki, mito ya Nairobi na Ngong inaelekea huko huko, na maji taka nayo yanateremka pole pole hadi kwenye mabwawa ya kusafishia ya Dandora, ambayo licha ya jina lake yako Ruai. Mteremko ni mfanyakazi mzuri ajabu. Hadai mshahara, hagomi, hana habari kama stima imepotea. Sharti lake ni moja tu: uanze ukiwa juu.

Sasa kisa chenyewe. Jirani yangu mmoja hapa Umoja, mama mtu mzima, alikodi chumba cha chini ili afungue dobi. Wazo lake si baya. Vijana wengi wa mtaani wana nguo nyingi na muda kidogo, na mama fua hapatikani kila siku. Akanunua mashine ya kupakia mbele. Fundi wa mabomba aliyepewa kazi na mwenye nyumba akaunganisha mpira mrefu wa kutolea maji, akaupitisha dirishani, akauteremsha kwenye manholi ya uani, akaondoka. Mashine ikajaza maji, ikafua, ilipofika wakati wa kutoa maji ikanguruma weee, kisha kioo chake kikaandika herufi mbili na kutulia. Nikapigiwa simu. “Kijana wangu, si wewe ni mtu wa kompyuta? Hii mashine inaandika mambo.”

(Mnajua ninyi mliosomea kompyuta: mtaani shahada yetu inahesabiwa kuwa ni ya kila kitu chenye waya. Nimeshaombwa kutengeneza pasi, dikoda, na geti.)

Kwa mara moja maishani nilikutana na ujumbe wa hitilafu uliosema ukweli mtupu. Kijitabu cha mashine kilieleza kwamba herufi zile maana yake ni “maji hayatoki”. Hakuna kilichoharibika. Sakafu ya chumba iko kama mita mbili chini ya usawa wa ua, dirisha liko nusu mita juu ya ua, kwa hiyo mpira ulikuwa unapanda mita mbili na nusu kabla ya kuanza kushuka. Fungua kijitabu cha mashine nyingi za nyumbani, nenda kwenye mchoro wa kufunga mpira wa kutolea maji. Utakuta wanataka ncha yake iwe kati ya sentimita 60 na 100 hivi kutoka sakafuni. Nyingine zinaruhusu zaidi kidogo. Mita mbili na nusu hazimo.

Watu wengi hapa hudhani tatizo ni nguvu ya stima. Hebu tupige hesabu pamoja. Mashine ya kupakia mbele hutumia labda lita 60 kwa mfuo mmoja. Kuinua kilo 60 kwa mita 2.5 ni kama juli 1,470, ambazo hazifiki hata nusu wati-saa. Balbu ya wati 10 inakula kiasi hicho kwa dakika mbili na nusu. Tokeni zako hazitaona tofauti yoyote. Kinachokosekana ni kimo. Pampu iliyo ndani ya mashine ni kipanga kidogo kinachozungusha maji na kuyarusha pembeni, na kila kipanga kina kimo chake cha mwisho. Ukifika hapo kinaendelea kuzunguka, maji yamesimama ndani ya mpira kama mtu aliyekwama kwenye ngazi, hayapandi wala hayatoki, na mota inapata joto bure.

Halafu pampu ikizima, yote yaliyokuwa ndani ya mpira yanarudi. Mpira wenye uwazi wa sentimita mbili na urefu wa mita mbili na nusu unabeba karibu robo tatu ya lita. Si mengi, lakini ni maji ya povu na uchafu yanayorudi juu ya nguo zako safi, kila mara, hata siku ambayo pampu ingeweza kuyafikisha juu.

Ukikosea upande wa pili nao una adhabu yake. Kuna waliolaza ncha ya mpira chini kabisa, kwenye tundu la sakafu. Hapo maji yanajivuta yenyewe kwenda nje kabla mashine haijamaliza kujaa. Mashine inaona maji yamepungua, inaongeza, yanatoka, inaongeza. Mita ya maji inakimbia na nguo haziloi. Hicho kimo cha sentimita 60 hakikuwekwa kwa mapambo.

Na zile mashine za matangi mawili, zilizojaa mitaani kwa sababu unaweza kuzijaza kwa ndoo? Nyingi hazina pampu kabisa. Unageuza swichi, maji yanashuka kwa uzito wake kupitia mpira wa chini. Kwenye chumba kilicho chini ya bomba, mashine kama hiyo inamwaga sakafuni na basi.

Fundi aliporudi alikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, tuunge pampu kubwa moja kwa moja kwenye mpira wa mashine. Nilikataa. Pampu kubwa itafyonza maji yote kwa sekunde chache kisha itazunguka mikavu, na mashine haina njia ya kuiambia lini ianze na lini iache. Pendekezo la pili lilikuwa rahisi zaidi: “Tumwage tu kwenye mtaro wa barabara, kila mtu anafanya hivyo.” Ni kweli, wengi wanafanya. Povu la asubuhi mnaliona wenyewe. Lakini mtaro ule ni wa maji ya mvua, unaishia mtoni bila kusafishwa, na bado lilikuwa halijajibiwa swali la nani atayafikisha maji hadi kwenye mtaro.

Kwa hiyo tukachora. Kama ni lazima mashine ikae chini, njia inayokubalika ni pipa. Mashine inamwaga ndani ya pipa lenye kimo cha sentimita 80 au 90, kazi ambayo pampu yake inaiweza bila malalamiko. Ncha ya mpira inaning'inia juu ya maji, haizamishwi, ili yasijivute. Ndani ya pipa kuna pampu ya kuzama, ile ya maji machafu yenye njia pana. Ya maji safi itazibwa na nyuzi za blanketi kabla ya mwezi kwisha. Boya la pampu linapanda na maji, linawasha. Maji yakishuka, linazima. Kwenye bomba la kupandia kuna valvu isiyoruhusu maji kurudi. Stima inapita kwenye swichi inayokata yenyewe stima ikivuja, ile ya miliampea 30, kwa sababu hapa mnaweka umeme wa volti 240 ndani ya maji ambayo mtu atayagusa. Hapo pasiwe na mjadala wala “tutaweka baadaye”.

Wanaoandika programu wameshaona hii ni nini. Mashine inazalisha, pampu inakula, pipa ni foleni iliyo katikati. Swali ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili huulizwa: foleni ikijaa itakuwaje? Fundi wengi huweka pipa na pampu, basi. Pampu ikizibwa na soksi, mashine haijui, inaendelea kumwaga kwa furaha. Kwa hiyo unahitaji boya la pili, karibu na mdomo wa pipa, ambalo maji yakilifikia linakata soketi ya mashine. Mlaji akishindwa, mzalishaji asimamishwe. Boya lenyewe ni swichi ndani ya plastiki, linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya stima mjini, na kwenye mchoro wetu ndilo lililokuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Ndilo pia ambalo mwenye nyumba alilikata kwanza kwenye orodha.

Ukubwa wa pipa nao nina maoni. Ndoo ya lita 20 haitoshi, boya halina nafasi ya kupanda. Mimi napenda pipa linaloweza kubeba mfuo mzima hata pampu ikiwa imekufa, yaani lita 100 au 120. Linachukua nafasi, najua.

Stima ikipotea je? Hapa kuna jambo ambalo lilinifurahisha nilipolitambua. Mkumbuke usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilikuwa gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikarudia. Kwa mashine na pampu yake, giza kama hilo halina madhara, maana vyote viwili vinazima pamoja na foleni haiongezeki. Hatari inakuja pale kimoja kinapozima na kingine kinaendelea. Kwenye ploti zetu hilo si jambo la kubuni. Mashine iko kwenye mita ya mpangaji. Pampu, fundi ataiunga kwenye mita ya ploti, ile ya taa za ngazi. Jumamosi moja tokeni za ploti zinaisha, mwenye nyumba hapatikani, mpangaji ana tokeni zake na anafua. Pipa linafurika. Kwa hiyo pampu na mashine viwe kwenye mita moja, ya mpangaji, na mwenye nyumba apunguze kodi kwa kiasi hicho. Kama tulivyoona, ni kiasi kidogo mno, hana sababu ya kulia.

Lakini sikilizeni, mashine ndiyo iliyo rahisi. Ugumu uko kwenye bafu na sinki za vyumba hivyo. Maji yetu hukaa kwenye matangi ya juu ya paa, kwa sababu mgao umekuwa sehemu ya maisha tangu ratiba ya Januari 2017, na kabla ya hapo. Kutoka paani hadi chumba cha chini yanashuka yenyewe. Kwa hiyo stima ikipotea, kuingia kunaendelea kama kawaida na kutoka kumesimama. Mtoto akisahau kufunga mfereji wa sinki gizani, hakuna boya la kukata. Ndiyo maana nasema mtu asiunge bafu kwenye pipa la mashine kwa kuokoa pesa. Nimeliona likipendekezwa.

Tena kuna mvua. Waliokuwa hapa Machi hadi Mei 2024 hawahitaji kuelezwa. Maji ya mvua yanaingia kwenye mifereji ya maji taka kupitia manholi zilizoibiwa vifuniko na mabomba ya paa yaliyoungwa kisirisiri, mifereji inajaa, na maji yanatafuta tundu lililo chini kuliko yote ili yatokee. Kwa kawaida tundu hilo ni mdomo wa manholi barabarani. Ukiwa na chumba kilicho chini ya barabara na bomba lisilo na kizuizi, tundu hilo ni lako. Maji ya ghorofa saba za jirani yanakuja kukusalimia. Valvu pekee haitoshi, maana jiwe dogo au kitambaa kinaiacha wazi. Ujerumani, ambako vyumba vya chini ni vya kawaida na mashine za kufulia hukaa humo tangu zamani, kanuni zao zinataka bomba la pampu lipande kwanza juu ya usawa ambao maji ya mfereji yanaweza kurudi, kwa kawaida usawa wa barabara, lipinde kama shingo ya bata, ndipo lishuke kwenye mfereji. Maji ya nje yakitaka kuingia lazima nayo yapande. Bomba na viwiko viwili, basi. Kwa jirani yangu bomba lilikuwa litoke dirishani hata hivyo, kwa hiyo shingo hiyo ingekuja karibu bure.

Wala tusidhani sisi ndio wa kwanza kuchimba chini kuliko mfereji. London, walipojenga mifereji yao mikubwa chini ya mhandisi Joseph Bazalgette, waligundua kwamba upande wa kusini wa mto Thames ni bondeni mno, mteremko unaisha kabla ya safari. Wakajenga kituo cha Crossness, kikafunguliwa mwaka 1865, chenye injini nne kubwa za mvuke za kuinua maji taka ya nusu jiji. Injini nne. Ikibidi moja ipumzike, nyingine zipo. Na zilikuwa na watu wa kuziangalia usiku na mchana. Hiyo ndiyo bei ya kukaa chini ya mfereji: si stima, ni kuangalia. Bado sijakutana na keyateka wa Eastlands mwenye ratiba ya kusafisha kichujio cha pampu.

Ndiyo sababu, baada ya kuchora mchoro mzuri ambao niliupenda, nilimwambia jirani aachane nao. Juu ya paa la jengo lile lile kuna matangi, kuna kamba za kuanikia, kuna jua, na kuna bomba la kutolea maji ambalo liko ghorofa sita juu ya manholi. Nguo zote zinapandishwa huko kuanikwa hata hivyo, tena zikiwa zimelowa na nzito. Kwa nini zisifuliwe huko huko? Mama fua wengi hufanya hivyo tangu zamani, na hakuna aliyewafundisha fizikia.

Kuna kasoro moja ya kweli. Mashine za kujiendesha zinahitaji msukumo wa maji yanayoingia, na mashine nyingi hazitaki chini ya kama nusu baa, yaani kimo cha mita tano za maji. Tangi lililo kwenye jukwaa la mita moja na nusu halitoi hata theluthi ya hapo. Mashine itajaa kwa mwendo wa kinyonga au itakataa. Dawa ni mbili: ishuke ghorofa mbili chini ya tangi, ambapo msukumo unatosha na bado uko juu sana ya mfereji, au pale paani tumia mashine ya matangi mawili, ambayo haijali msukumo na inamwaga kwa uzito. Ile ile ambayo chini haikuwa na maana yoyote, juu ndiyo mfalme. Ijengewe kibanda cha mabati isinyeshewe, na mlango wenye kufuli kwa sababu ninyi wenyewe mnajua habari za nguo kwenye kamba.

Mwenye nyumba hakupenda. Anasema paa si la biashara, na chumba cha chini “kiko sawa, shida ni mashine yake”. Nilimwambia, kwa heshima, “Mzee, mashine imesoma kimo cha chumba chako kuliko mchoro wako.” Akacheka, lakini boya bado hajanunua. Msimamo wangu haujabadilika: anayepokea kodi ya chumba kilicho chini ya mfereji anauza chumba kinachotegemea pampu, iwe ameiweka au hajaiweka. Kisha mpangaji ndiye anayetandika matambara mvua ikinyesha.

Kwa hiyo kabla hujalipa diposti ya chumba cha chini, azima kwa fundi yeyote wa ujenzi ule mpira mwembamba unaong'aa wanaopimia usawa. Ujaze maji, toa mapovu ya hewa yote. Ncha moja mtu aishike kwenye manholi, usawa wa bomba linalotoka. Nyingine ingia nayo chumbani. Maji hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, hayadanganyi. Yakisimama juu ya sakafu, weka alama ukutani kwa chaki, mwite mwenye nyumba aione, kisha muulize pampu iko wapi na imeungwa kwenye mita ya nani.